Mama Akijibu "Bwana Asifiwe", Je, Haumwi?



Wiki hii tunasoma 1 Samweli sura ya kwanza. Wengi tunaijua habari hiyo kwa sababu ya mtoto Samweli, na kina mama wanaomwomba Mungu mtoto wameisoma mpaka kurasa zimechakaa. Lakini leo hebu tumwangalie Eli. Kuhani ameketi pale mlangoni mwa nyumba ya Bwana huko Shilo. Anamwona mwanamke anayeomba, midomo inacheza, sauti haitoki. Anamtazama kwa muda, tena kwa makini. Halafu anatoa hukumu: huyu amelewa.

Eli hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuja kufifia baadaye, siku hiyo yalikuwa yanaona. Na alichokiona ni kweli alikiona, manake midomo ilikuwa inacheza. Kilichomshinda ni maana yake. Uchungu ulikuwa mbele yake, yeye akausoma kama tabia mbaya.

Kilichomsaidia Hana ni kwamba alikuwa na kinywa. Alimjibu kuhani kwa heshima, akamweleza kwamba hajaonja kileo, ni moyo tu umelemewa. Eli akageuza maneno, akambariki. Sasa tuulize: na kama Hana asingeweza kujibu? Kama angebaki pale na midomo yake inacheza, hana maneno ya kujitetea, Eli angejuaje? Na je, lawama ingekuwa ya nani?

Swali hilo liko ndani ya nyumba zetu, toka Kendu Bay mpaka Kehancha. Kuna wazee wetu wengi ambao ubongo wao umeshikwa na ugonjwa ule unaoitwa dimenshia. Watu husema tu "wiye owil", amesahau, na kwa kweli kusahau ndiyo dalili tunayoiona kwanza. Lakini huu si uzee wa kawaida. Ni ugonjwa wa ubongo, na aina inayopatikana zaidi ni ile inayoitwa Alzheimer. Mwingine huletwa na kiharusi, ndiyo maana presha na sukari si mambo ya kupuuza. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi nao, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi kama zetu. Kwa hiyo nyumba yenye mzee wa namna hii isijione kwamba imelaaniwa peke yake.

Ninalotaka tulifikirie ni jambo moja ndani ya ugonjwa huo: maumivu. Mtu ambaye hawezi tena kusema "naumwa", anaumwa au haumwi? Na kama anaumwa, ni kazi ya nani kujua?

Angalia jinsi maneno yanavyoondoka. Hayaondoki yote siku moja. Yanaanza majina ya watu, halafu majina ya vitu, halafu sentensi zinakuwa fupi. Yanayobaki mpaka karibu na mwisho ni yale ambayo ulimi umeyazoea kupita yote: salamu, wimbo, sala, na saa zingine matusi (msishangae, hata kwa mtu aliyeokoka). Mama aliyeokoka miaka arobaini iliyopita amesema "Bwana asifiwe" mara ngapi? Maelfu kwa maelfu. Neno hilo halihitaji tena akili kulitafuta, linatoka lenyewe. Kwa hiyo ukimwuliza, "Mama, habari ya leo?" anakujibu, "Bwana asifiwe, niko salama." Ukimwuliza kwa Dholuo, "Idhi nade?" anakujibu, "Adhi maber." Jibu limetoka safi, na tabasamu juu. Lakini hapo hujapewa habari yoyote. Ni salamu imejibu salamu. Mtu anaweza kulitoa jibu hilo na mfupa wa nyonga umevunjika.

Sisemi kwamba anadanganya, wala kwamba imani yake ni ya mdomo tu. Nasema hilo jibu si ushuhuda. Na sisi wenyewe kanisani tumechangia kidogo. Tumewafundisha wazee wetu, miaka na miaka, wasikiri ugonjwa, wakiri afya. Mafundisho hayo yana mahali pake, sitaki kubishana nayo leo. Lakini mtu aliyezoezwa kwa miaka arobaini kutosema "naumwa", halafu ugonjwa ukaja ukamnyang'anya hata uwezo wa kulisema, amefungwa mlango mara mbili. Sisi tulio nje ndio tuna mikono ya kuufungua.

Sasa ongeza simu. Nyumba nyingi za Migori na Homa Bay ziko hivi: mzee yuko nyumbani na binti mmoja au mke wa mtoto, wengine wako Nairobi, Mombasa, Kisumu. Wanatuma pesa kwa M-Pesa, na Mungu awabariki kwa hilo. Jumapili jioni simu inapigwa. "Mama anaendeleaje?" Yule anayemtunza anasema, "Hajalala wiki hii, analia tukimgeuza, nafikiri kuna mahali panamuuma." Kaka anasema, "Hebu mpe simu." Mama anashika simu: "Bwana asifiwe mwanangu, niko salama, Mungu ni mwema." Basi. Kaka amesikia kwa masikio yake. Kuanzia hapo yule anayetunza ndiye anaonekana mwenye maneno mengi, au anatafuta pesa. Watu wawili wamekosa kuaminiwa kwa simu moja: mgonjwa, na shahidi wake.

Halafu usiku. Maumivu mengi huzidi usiku, shughuli zikiisha na mwili ukitulia kitandani. Mtu mwenye akili timamu akiumwa usiku huamka akasema, "Niletee maji, niletee Panadol." Mwenye dimenshia anaamka tu. Anatembea, anagusa milango, anavua nguo kwa sababu kitu fulani kinamsumbua mwilini na hajui ni nini. Kwetu mnajua jina analopewa mtu anayetembea usiku akigusa milango ya watu. Anaitwa jajuok. Na jina hilo si mchezo. Oktoba 2021, hapo Marani kwa jirani zetu wa Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na umati wa watu kwa kudaiwa ni wachawi. Simaanishi kwamba walikuwa na dimenshia. Nasema kwamba kijiji kikishapata jina la kumpa mzee, hakuna anayeuliza tena swali la pili.

Hata majina madogo yasiyo ya uchawi yana hatari hiyo. "Ni uzee tu." "Ni ukaidi, alikuwa hivyo tangu zamani." "Ni mapepo." Kila moja linafunga kesi kabla haijasikizwa. Hospitalini nako kuna jina lao: "Ni ile dimenshia yake." Mtu akishaandikiwa dimenshia kwenye karatasi, kila kilio chake kinahesabiwa kuwa ni cha dimenshia.

Kuhusu mapepo niseme neno, kwa sababu sisi ni watu wa Roho na hatuoni haya kuombea mtu. Mzee akipiga kelele, tuombe. Lakini tuombe macho yakiwa wazi pia. Kama mama anapiga kelele akigeuzwa upande wa kulia, na ukimgeuza upande wa kushoto anatulia, hebu fikiria. Pepo gani hilo linalojua kulia na kushoto? Hapo kuna nyonga, au bega, au kidonda. Kumwombea na kumpeleka hospitali havigombani. Kumshika watu wanne mikono na miguu usiku kucha wakati nyonga yake imevunjika, hayo ni mateso, hata kama tunayafanya kwa jina lipi.

Kuna hoja nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, na nafikiri ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema: "Hata akiumwa, atasahau. Baada ya dakika kumi hakumbuki." Kama hakumbuki, je, maumivu yake yana hesabu?

Tulichukue polepole. Wewe ukienda kung'olewa jino pale Rongo au Homa Bay mjini, unaumia, lakini unajua kitu: itaisha. Unajiambia, jioni nitakuwa sawa. Kumbukumbu ya jana na matumaini ya kesho vinakusaidia kubeba ya leo. Mtu mwenye dimenshia kali hana hiyo jana wala hiyo kesho. Hakumbuki kwamba jana alitulia, hajui kwamba dawa aliyomeza itafanya kazi baada ya nusu saa, hajui kwa nini mkono wa mtu unamvuta mguu unaouma. Anacho hiki cha sasa tu, na hiki cha sasa chote ni maumivu. Kwa hiyo kusahau hakumpunguzii mzigo. Kunamwondolea vitu ambavyo sisi tunajiegemeza tukiumwa. Na tukisema maumivu yaliyosahauliwa si kitu, basi tuseme pia upendo uliosahauliwa si kitu, tuache kumlisha uji mtamu na kumfunika blanketi, kwa sababu hivyo navyo atavisahau kabla ya saa sita. Hakuna kati yetu anayekubali hilo. Mtoto wa miezi mitatu hatakumbuka sindano ya kliniki, na bado mama yake anambembeleza palepale.

Tunafika kwenye swali la kujua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli, sitaweza kuyasikia maumivu yako ndani ya mwili wangu. Lakini methali hiyo wengine wanaigeuza kuwa kisingizio: mimi nitajuaje? Jamani, kunguni huacha alama. Ukiona ngozi ina vipele asubuhi, mtu anajikuna, shuka ina vidoa vya damu, utahitaji kulala pale kweli ndiyo uamini? Mwili una ushuhuda wake, hata ulimi ukinyamaza.

Torati ilidai mashahidi wawili au watatu ndipo neno lithibitike, na nafikiri utaratibu huo unafaa hapa pia. Dalili moja peke yake inaweza kukudanganya. Mzee kukunja uso kunaweza kuwa ni jua tu. Lakini akikunja uso, na pumzi ikawa ya haraka, na mkono ukashika mahali pamoja kila mara, hao ni mashahidi watatu. Mwaka 2003 wataalamu huko Marekani walichapisha kipimo cha namna hii kinachoitwa PAINAD, kwa ajili ya watu wenye dimenshia kali. Kinaangalia mambo matano: jinsi anavyopumua, sauti anazotoa, uso, jinsi mwili ulivyokaa (umekakamaa, ngumi zimefungwa, anasukuma watu), na kama anatulizika ukimshika au ukiongea naye. Kila jambo linapewa 0, 1 au 2, jumla ni 10. Hakihitaji mashine wala digrii, na mtu wa darasa la nane anaweza kukitumia. Ila usikichukue kama mizani ya kupima mahindi. Kazi yake ni kukufanya umwangalie mzee kwa utaratibu, umlinganishe na yeye mwenyewe wa jana.

Na wakati wa kumwangalia ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Akiwa amelala kimya mchana, karibu kila mtu anaonekana yuko sawa. Mwangalie akiinuliwa kwenda choo, akigeuzwa, akivalishwa sweta, akitafuna. Akianza kuacha chakula kigumu na kukubali uji tu, angalia meno na fizi kabla ya kusema amekataa kula. Akipiga mkono wa anayemwosha, angalia anaoshwa wapi wakati anapopiga. Na siyo kelele tu. Mzee aliyekuwa anaongea ongea, ghafla siku mbili amenyamaza, huyo naye anasema kitu. Tusikimbilie kumshukuru Mungu kwamba "siku hizi ametulia".

Jambo lingine linalosahaulika: mwili wake una historia, na watu wa boma wanaijua. Baba aliyekata miwa ya Awendo maisha yake yote alikuwa na mgongo. Mvuvi wa Karungu aliyevuta nyavu usiku kwa usiku ana mabega na viganja. Mama aliyepanda kilima na mtungi wa maji kichwani ana shingo na magoti. Miaka ishirini Mama alikuwa analalamika goti kila msimu wa mvua. Sasa miaka miwili halitaji. Kwani goti limepona? Goti liko palepale. Kilichopotea ni neno "goti". Tuanzie hapo, kwa yale tuliyokuwa tunayajua kabla hajanyamaza.

Lugha pia. Wazee wengi walijifunza Kiswahili na Kiingereza wakiwa wakubwa, na ugonjwa huu mara nyingi huziondoa kwanza lugha zilizokuja mwisho. Muuguzi akimwuliza, "Unaumwa wapi?" anaweza kumtazama tu, na kwenye fomu ikaandikwa kwamba hana malalamiko. Mwekee mkono gotini, useme kwa upole, "Be rami?" na uso wake unaweza kukupa jibu kabla ya mdomo. Kule Kuria iwe kwa Kikuria. Mfangano inaweza kuwa ngumu zaidi, kwa maana kuna wazee ambao lugha ya utotoni ni Kisuba na wajukuu wamekulia Dholuo. Huyo mzee anaweza kuwa anasema wazi kabisa kinachomuuma, na hakuna mtu nyumbani anayemsikia. Tafuta mzee mwenzake aje akae naye.

Sasa niguse jambo la heshima, na mnisamehe, lazima lisemwe. Kwetu mke wa mtoto hamvui nguo baba mkwe wake, na kijana hamwoshi mama yake mzazi. Ni heshima nzuri, imejenga boma zetu. Lakini kidonda cha kulalia huanzia kwenye makalio, kwenye nyonga, kwenye visigino, palepale ambapo heshima inakataza kuangalia. Kinaanza kama wekundu, au weusi uliozidi kwa ngozi yetu, halafu kinaingia ndani mpaka karibu na mfupa, na harufu ndiyo inayokuja kutuambia. Kufungwa choo kwa siku nyingi nako ni maumivu makubwa sana, na hakuna anayeuliza kwa sababu ya aibu. Suluhisho mara nyingi liko hapo hapo nyumbani: mjukuu. Mjukuu na dani wake, au na babu yake, mila inawaruhusu kutaniana na kuwa karibu. Au mtu wa rika lake, au ndugu wa kanisa wa jinsia yake. Familia ikae chini iamue ni nani ataangalia ngozi kila siku. Isiachwe kwamba hakuna anayeangalia kwa sababu kila mmoja anaheshimu.

Ukishaona, lazima useme, na kuna kusema na kusema. Ukifika hospitali ukasema, "Daktari, Mama siku hizi anasumbua, halali, anapiga watu," umeomba dawa ya usumbufu, na hiyo ndiyo utapewa. Sema hivi: "Tangu Jumanne, kila tukimgeuza upande wa kulia analia na kushika nyonga. Akikaa hatulii. Alianguka bafuni wiki iliyopita lakini aliinuka. Hajaenda choo siku nne." Hapo daktari ana pa kuanzia. Nunua daftari la shule, uandike tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, alifanya nini na mwili, na nini kilimtuliza. Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, ambao serikali iliwagawia mikoba ya vifaa Septemba 2023, muoneshe daftari hilo akija kupima presha. Usimalizie na presha tu.

Kwa nini nasisitiza kusema? Kwa sababu hata kwenye hospitali kubwa asiyeweza kusema hupewa kidogo. Mwaka 2000 madaktari wa New York walichapisha ulinganisho wa wazee waliolazwa kwa kuvunjika nyonga. Mfupa ni uleule. Wale wenye dimenshia kali walipata theluthi moja tu ya dawa kali za maumivu, zile za jamii ya mofini, ukilinganisha na waliopata wenye akili timamu. Hakuna aliyekusudia kuwatesa. Hawakuomba, basi hawakupewa.

Na mwaka 2011 jarida la madaktari la Uingereza lilitoa habari za utafiti wa Norwei. Walichukua wazee 352 katika nyumba 18 za kutunzia wazee, wote wana dimenshia, wote wanahesabiwa kuwa wasumbufu. Kundi moja lilitibiwa maumivu kwa utaratibu, na wengi wao walipewa paracetamol tu, hii hii ya kawaida. Kundi la pili liliendelea na utunzaji wa siku zote. Baada ya wiki 8, fujo katika kundi la kwanza zilikuwa zimepungua kwa asilimia 17 kuliko katika lile la pili. Fikirini. Kumbe sehemu ya kile kilichoitwa tabia kilikuwa maumivu.

Hapa kuna pa kuwa mwangalifu. Sisemi kila sauti ya mzee ni maumivu, wala kwamba tummiminie dawa. Anaweza kulia kwa baridi, kwa njaa, kwa mkojo, kwa hofu ya chumba kipya, kwa kumtafuta mume aliyezikwa zamani. Lakini pima makosa mawili. Ukidhani anaumwa kumbe haumwi, umepoteza safari ya zahanati na vidonge vichache. Ukidhani haumwi kumbe anaumwa, umemwacha peke yake ndani ya moto kwa miezi. Makosa hayo hayalingani, na mtu mwenye dhamiri akishindwa kujua, aelemee upande ule wenye hasara ndogo.

Dawa yenyewe iulizwe kwa wanaojua. Paracetamol ina kiwango chake kwa siku, na kwa mzee aliyekonda kiwango huwa kidogo zaidi. Zile za kununua kemisti bila kuuliza, brufen na diclofenac, zinaweza kuumiza tumbo na figo, hasa kwa mwenye presha. Na Piriton ya kumlaza usiku, ambayo naona imekuwa desturi kwa nyumba nyingi, humzidishia mzee kuchanganyikiwa. Tena haiondoi maumivu. Inamfanya ashindwe kuyaonyesha, nasi tunalala vizuri. Kumfunga kamba kitandani sitaki hata kukueleza kwa nini usifanye.

Nimewasema sana wale wa nyumbani, na najua wanaosoma haya kwa makini zaidi ni wale ambao tayari wamechoka. Dada, wewe uliyeacha kibanda chako cha sokoni Ndhiwa ili umtunze mama wa mtu mwingine, haya hayakuandikwa kukuongezea mashtaka. Katika Marko sura ya 2 mtu aliyepooza hasemi neno lolote mpaka anashushwa mbele ya Yesu. Waliosema ni miguu ya wale wanne waliombeba, na mikono yao iliyobomoa paa. Yesu aliiangalia imani yao. Lakini angalia, walikuwa wanne. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu mmoja alimbeba peke yake huku ndugu watatu wakimpigia simu kuuliza kama wamefika.

Kwa hiyo kaka uliye Nairobi, ukipiga simu Jumapili, anza na anayemtunza. Muulize daftari linasema nini. Umwamini, kisha uongee na Mama, umwambie unampenda na umwache akujibu kwa salamu yake. Zamu ya kulala karibu na Mama igawanywe, na likizo ya Desemba isiwe ya kuja kula tu.

Na kina mama wa kamati ya kutembelea wagonjwa, mmefanya kazi kubwa, lakini naomba tubadilishe kidogo. Tusifike saa nane mchana mzee amelala, tukauliza habari, tukajibiwa "Bwana asifiwe", tukaomba, tukanywa chai, tukarudi kutoa ripoti kwamba anaendelea vyema. Tufike saa ya kuoshwa au ya kula. Tumsaidie anayemtunza kumgeuza. Tuimbe naye, manake nyimbo bado anazijua, ataimba ubeti wa kwanza wote bila kukosea. Na tukiimba tumwangalie uso na mikono. Akiacha kuimba tunapomketisha, tuandike saa hiyo kwenye daftari.